Malkia wa Baba Mkubwa

Kila anayeanza sataranji ana ugonjwa mmoja: anampenda malkia mno. Akishaambiwa kwamba malkia anakwenda mbele, nyuma, pembeni na mshazari, umbali wowote anaotaka, hatulii tena. Hatua ya pili tu ameshamtoa nje, anazurura naye peke yake uwanjani, huku farasi na maaskofu wake bado wamelala.

Mimi ni mwalimu wa hisabati hapa Mbinga mjini. Jumamosi mchana nafundisha klabu ya chesi, ndivyo wanafunzi wanavyoiita, kwenye darasa ambalo dirisha lake moja limezibwa kwa bati. Nina hasira za karibu, nakiri, na hakuna kinachonichefua kama malkia aliyetolewa mapema. Nikimwona, namwambia anayecheza upande wa pili: "Mfukuze. Lakini usimfukuze bure. Kila ukimfukuza, uwe umetoa mtu wako mmoja nje." Ikifika hatua ya kumi, mmoja ana jeshi zima katikati ya ubao na mwingine ana malkia aliyechoka kukimbia.

Hilo ndilo somo la kwanza. Watoto zaidi ya mia wamelipata kwangu. Mtu mmoja sikumpa, naye ndiye aliyelihitaji kuliko wote.

Baba Mkubwa Eusebius ni kaka wa marehemu baba yangu, na nyumbani kwetu Mkumbi yeye ndiye mkubwa wa sengu. Kwa sisi Wamatengo, wanaume wa ukoo hula pamoja kwa mkubwa wao, kila nyumba ikileta chungu chake, na wakishakula ndipo mambo ya ukoo yanazungumzwa na kukatwa. Siku hizi koo nyingi zimeacha, kila mtu anakula kwake na televisheni yake. Kwa Baba Mkubwa sengu haijawahi kuachwa. Kila Jumapili baada ya misa tunakula pale, na neno lake likishatoka limetoka.

Miaka kumi na mmoja iliyopita nilikuja na ubao wa sataranji chini ya kwapa. Baba Mkubwa aliutazama, akatazama mlima uliokuwa mbele ya nyumba yake, wote umechimbwa mashimo ya ngolo, mraba kwa mraba mpaka juu, ili mvua isiondoke na udongo.

"Hili ni shamba la ngolo la watu wavivu," alisema. "Haya, nifundishe."

Nikamfundisha mienendo. Farasi anaruka, askofu anakwenda mshazari, ngome inakwenda wima na kando. Askari anasonga mbele na harudi nyuma kamwe. Ukigusa, umecheza. Alishika upesi kuliko wanafunzi wangu wengi, kisha akafanya kama wote wanavyofanya: akamtoa malkia. Malkia akaenda pembeni, askofu akaja nyuma yake, wote wawili wakimlenga yule askari mnyonge anayelindwa na mfalme peke yake. Mtego wa hatua nne, unaojulikana na kila mtoto wa klabu. Farasi mmoja tu anauzima.

Wanawe Melkior na Cuthbert walikuwa wamekaa pale, na wazee wengine watatu. Nilimshika yule farasi kwa macho, nikamwacha. Nikasukuma askari wa pembeni asiye na kazi. Baba Mkubwa akanikamata mfalme, sengu nzima ikapiga makofi.

Mtu atafanyaje? Unamfunga mkubwa wako mbele ya wanawe, na chakula chake kiko tumboni mwako? Nilijiambia ni mara moja tu. Ikawa kila Jumapili. Nilijifunza kushindwa kwa namna mia: kusahau ngome pembeni, kumwacha mfalme katikati bila kumhamishia kwenye kona yake, kupoteza farasi kwa askari. Baba Mkubwa akazeeka akiamini kwamba anamfunga mwalimu wa hisabati. Watu wakaanza kusema Mzee Eusebius anaona mbali. Katika sengu, mtu akimpinga, alicheka na kuonyesha ubao: "Muulize mwalimu kama mimi huwa nakosea hesabu." Nami nilitabasamu kama mjinga.

Aliyejua ni mdogo wangu Hilda peke yake. Nilimfundisha tangu akiwa darasa la sita na alikuwa ananifunga kihalali. Siku moja alileta maji ya kunawa, akausoma ubao kwa jicho moja, akanifuata nje. "Kaka, mdomo wako haudanganyi," alisema. "Mikono yako ndiyo inayodanganya."

Hilda aliolewa Liuli, kule ziwani, na Mnyasa anayeitwa Meshack, fundi wa kuchonga mitumbwi na samani. Alipokuja kujitambulisha hakuja na maneno mengi. Alileta kete za sataranji alizozichonga mwenyewe, maaskofu wana kofia za kiaskofu kabisa, na malkia wa Baba Mkubwa mrefu kuliko mfalme. Mzee alimkubali siku hiyohiyo.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, Hilda alipanda kuja Mkumbi kujifungulia kwa mama, kwa kuwa mimba ilikuwa ya kwanza. Meshack alibaki kumalizia kazi. Mvua zilikuwa zimekolea. Nilipofika Jumapili nilimkuta ameketi jikoni na miguu imevimba hadi viatu vya mama havimwingii. Alhamisi alikuwa amekwenda zahanati, nesi akampima presha mara mbili, akaandika barua: apelekwe hospitali ya wilaya leo, asingoje. Barua ilikuwa imekaa siku tatu nyuma ya picha ya Moyo Mtakatifu.

"Kwa nini bado uko hapa?" niliuliza kwa ukali, kana kwamba kosa ni lake.

"Baba Mkubwa anapanga safari," alisema, akajishika paji la uso. "Kichwa kinaniuma, Kaka. Naona kama vimulimuli."

Nilikwenda sengu na ile barua mkononi. Tulikula. Baada ya kunawa nikasema: "Baba Mkubwa, Hilda aende hospitali leo. Nitatafuta gari Mbinga sasa hivi."

Alinyoosha vidole vitatu. Alikuwa na raha, kama siku zote anapokuwa na mpango. "Sikiliza. Kwanza Meshack afike. Huyu ni mke wa watu, mimba ya kwanza. Akilazwa mumewe hayupo na lolote likatokea, wakwe watasema tulimficha. Nimempigia, anafika kesho kutwa. Pili, Jumatano gari la Mansuetus linakwenda mjini kuchukua mbolea, atalala nyuma kwenye godoro, si kupigwapigwa kwenye pikipiki na utelezi huu. Tatu, hospitali. Hatua tatu, Mwalimu. Si wewe uliyenifundisha kuhesabu mbele?"

Ndiyo, mimi. Nilimfundisha kuhesabu hatua zake. Sikumfundisha lile swali ambalo nawapigia kelele watoto kila Jumamosi: kabla hujanyanyua mkono, jiulize mwenzako anataka nini. Mtu asipojiuliza hivyo atapanga hatua zake tatu kana kwamba yuko peke yake ubaoni. Na ugonjwa haungoji zamu.

"Nesi ameandika leo," nilisema. "Leo yenyewe ni ya Alhamisi."

"Nesi yule ana miaka mingapi?" Melkior aliuliza, wakacheka.

Baba Mkubwa alikuwa ameshatandika ubao. Alizipanga kete za Meshack polepole, malkia akamfuta vumbi kwa kidole gumba. "Acha mbio. Cheza kwanza. Ukinifunga, nitakusikiliza."

Alisema kwa utani. Wote walijua kwamba hafungwi. Lakini ilikuwa mbele ya watu, na katika sengu neno likishatoka limetoka. Nilifikiri: basi, ni rahisi hivi! Dakika ishirini, na Hilda yuko njiani.

Alianza na askari wa mfalme, nami wangu. Malkia akatoka. Safari hii nilimshika yule farasi na kumweka mahali pake. Askofu wake akaja, nami nikasukuma askari mmoja hatua moja, akamgonga malkia: akimbie au aliwe. Baba Mkubwa aliinua nyusi, akamrudisha kidogo, bado analenga palepale. Farasi wangu wa pili akatoka akaziba. Malkia akahama tena. Farasi akaruka mbele akamgonga. Kila alipohama, mimi nilitoa mtu. Maaskofu wangu wakapata njia, mfalme wangu nikamhamishia kwenye kona salama, ngome ikaja katikati. Vyote nilivyowahi kufundisha viliingia ubaoni siku ile, kimoja baada ya kingine, na nakiri kwa aibu kwamba niliona raha. Hatua ya kumi na mbili malkia yule mrefu alikuwa hana pa kwenda. Nilimnyanyua nikamweka pembeni, karibu na bakuli la chumvi. Kicheko kilikuwa kimekwisha kitambo. Hatua ya kumi na tisa mfalme wake alikamatwa.

Baba Mkubwa aliinamia ubao kwa muda mrefu. Hakuwa na hasira. Alikuwa anasoma, anarudi nyuma hatua kwa hatua, kama nilivyomfundisha.

"Hii umejifunza lini?" aliuliza.

Mlango ulikuwa wazi pale, na mimi sikuuona. Ningesema, "Juzi, Baba Mkubwa, kutoka kwa mwalimu mgeni," angecheka, angeshika neno lake, na Hilda angekuwa hai. Miaka kumi na mmoja nilidanganya bila sababu yoyote ya maana. Siku ambayo uongo ulikuwa na kazi, nikajifanya mkweli.

"Nilikuwa naijua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Cuthbert alitazama chini.

"Kwa hiyo ulikuwa unaniachia," Baba Mkubwa alisema taratibu. "Miaka yote. Hapa, mbele ya wanangu, unakula chakula changu na kunicheka."

"Sikukucheka. Ilikuwa heshima, Baba Mkubwa."

"Heshima." Alizikusanya kete moja moja kwenye mfuko wake wa kitambaa. "Mtu aliyenitazama machoni akanidanganya kila Jumapili, leo anakuja na karatasi ananiambia binti yangu yuko hatarini. Nitajuaje ipi ni ya kweli? Labda hii nayo ni mchezo wako." Akasimama. "Nimesema Jumatano."

"Uliahidi ukifungwa utanisikiliza!"

"Nimekusikiliza. Sikuamini."

Nilirudi jikoni. Hilda aliniangalia usoni, na pamoja na maumivu yote akatabasamu. "Umemla malkia?"

"Nimemla."

"Ningependa kuona. Basi tunaondoka?"

Nilimwambia yaliyotokea. Nikamwambia twende hivyohivyo, nitampakia kwenye bodaboda hadi barabara kubwa. Mama alianza kulia, akasema nitaupasua ukoo. Hilda alitikisa kichwa. "Nikitoka bila baraka yake na mtoto akapatwa na kitu, nitasemwa mpaka nife. Siku tatu tu, Kaka. Nenda ukafundishe."

Ningeweza kumbeba. Alikuwa dhaifu, mimi nina nguvu, na barua ilikuwa mfukoni mwangu. Niliogopa. Nilikwishamwaibisha mzee mara moja siku ile, na mara ya pili sikuwa na moyo nayo. Niliagana nao nikapanda pikipiki kurudi mjini, nikijiambia kwamba kesho mchana baada ya vipindi nitarudi na gari, atake asitake. Hayo nayo yalikuwa mahesabu ya mtu anayejidhani peke yake ubaoni.

Jumatatu kulipopambazuka Melkior alipiga simu akilia. "Anatikisika, Alphonce. Amejing'ata ulimi. Mzee anakimbia barabarani kutafuta gari, hajavaa hata viatu."

Kifafa cha mimba. Walipata gari la mkaa. Masaa mawili na nusu njiani kwa ule utelezi, na njia nzima Baba Mkubwa, wenzake waliniambia, alikuwa amekishika kichwa cha Hilda mapajani akimwita kwa jina la utotoni. Madaktari walimpasua, wakamtoa mtoto wa kike akiwa hai, mdogo, mwekundu. Hilda hakuamka. Alifariki Jumanne saa nne asubuhi. Meshack alifika saa sita, na mfuko wa usipa, dagaa wa ziwani, aliokuja nao kuwapa wakwe.

Jumatano gari la Mansuetus lilifika, kama Baba Mkubwa alivyopanga. Halikwenda kuchukua mbolea. Tulipakia jeneza nyuma, juu ya godoro lilelile, kwa sababu hakuna aliyekuwa na akili ya kuliondoa, tukashuka nalo kona baada ya kona hadi Mbamba Bay, na kutoka pale tukafuata ufuko kwenda Liuli. Ziwa lilikuwa tulivu na bluu, wanawake wameanika usipa kwenye vichanja, na nililichukia kwa kupendeza siku ile.

Baada ya mazishi, baba yake Meshack aliuliza, kwa upole, kama wakwe wanavyopaswa kuuliza, ugonjwa ulianzaje na hatua gani zilichukuliwa. Watu wa Mkumbi tuliinamisha vichwa. Baba Mkubwa alisimama. Alikuwa amevaa koti la Pasaka na viatu vya Melkior, kwa maana vyake hatukuvipata.

"Nesi alisema Alhamisi," alisema. "Mwalimu akasema Jumapili. Mimi ndiye niliyesema Jumatano."

Akaketi. Ilikuwa zamu yangu kusimama na kusema kwa nini hakuniamini. Nilikaa kimya, mikono nimeibana kati ya magoti, mpaka baba yake Meshack akaomba sala ya mwisho. Mtoto, Vitalia, alibaki kwa bibi yake ziwani.

Tangu siku ile sengu haikuitwa tena. Chungu cha kila nyumba kikabaki nyumbani. Niliwahi kwenda mara mbili, nikasema Shikamoo, akaitika Marahaba bila kuninyanyulia macho, nikaondoka.

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, watoto walikuwa wameshaanza kucheza, mlango wa darasa ukafunguliwa. Baba Mkubwa aliingia na ule mfuko wa kitambaa. Darasa zima lilisimama: "Shikamoo, babu!" Aliwaitikia. Alipita meza yangu kama anapita nguzo, akaenda kukaa kwenye dawati la mbele, dawati la wanaoanza, magoti yakigonga mbao kwa chini. Mbele yake alikuwa Glorious, binti wa kidato cha kwanza kutoka Mpepai, ana wiki sita tu tangu ajue farasi anarukaje.

"Nataka kujifunza, mjukuu," alimwambia. "Tucheze."

Akazipanga kete za Meshack. Askari wa mfalme, kisha, sikuamini macho yangu, malkia. Mtu wa miaka sabini na nne mikono yake hubadilika kwa shida. Glorious akaweka farasi mahali pake. Askofu akaja. Askari akamgonga malkia. Alikuwa anacheza vizuri, ametoa watu wake wote, na baada ya muda malkia yule mrefu alikuwa amebanwa kati ya farasi wawili.

Hapo Glorious alisita. Mkono wake ulibaki hewani, akageuka kunitazama. Nilijua anachouliza. Ni mzee, ni mgeni, amelelewa vizuri, na pembeni kulikuwa na askari asiye na kazi ambaye angeweza kumsukuma.

Baba Mkubwa naye alinitazama, kwa mara ya kwanza tangu Liuli.

"Mle," nilisema. Sauti ilitoka vibaya, nikairudia. "Mle malkia, binti."

Akamla. Baba Mkubwa alimpokea malkia mkononi, akamgeuzageuza, akamfuta kwa kidole gumba. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakujishughulisha kuyaficha mbele ya watoto.

"Asante, mjukuu," alisema. "Laiti nyumbani kwangu wangenifanyia hivi."

Kisha akasogeza kete zote katikati na kuanza kuzipanga upya, na Glorious akamsaidia.